Kioo Kifike Puani

Shida yangu ilianza mwaka wa 1957, nikiwa na miaka tisa. Baba alikufa, mama akabaki na watoto bila shamba, nami nikatolewa shuleni darasa la pili nikapelekwa kuchunga mbuzi wa watu ili nipate mahali pa kulala na chakula cha jioni. Sisemi hivi mnihurumie. Wanaosoma safu hii tangu ianze wanajua sipendi kuhurumiwa. Nasema kwa sababu mtu aliyenifundisha kusoma gazeti, miaka mingi baada ya mbuzi hao, nikiwa tayari mtu mzima mwenye ndevu na duka, amezikwa wiki iliyopita kule Tetu, na wengi waliosimama kando ya kaburi hawakujua kwamba aliwahi kumfundisha mtu kusoma. Walijua tu alikuwa daktari wa ng'ombe. Na hata daktari, ukitaka ukweli, hakuwa.

Habari ilinifikia dukani. Mteja alikuwa amenunua dawa ya kupe, nami namfungia, akaniambia kwa sauti ile ya mtu anayekuarifu kwamba kwao mvua imenyesha, "Mzee, umesikia daktari ametuacha?" Nikamuuliza daktari yupi, maana siku hizi kila kijana mwenye gumbuti za mpira na begi anaitwa daktari. Akasema, "Yule wa kioo." Nikaacha kufunga. Jina lake sitalitaja, kama ambavyo sitaji jina la mtu yeyote hapa, lakini ukifika Wamagana, hukohuko Tetu, ukauliza wa kioo ni nani, utaonyeshwa boma lake na utaelezwa hadithi ya kioo chenyewe, na kila mtu atakueleza kivyake. Mimi nilikuwapo. Nitaieleza ilivyokuwa.

Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu. Wasomaji wa mjini msione haya, ni kazi kama kazi nyingine, na maziwa mnayotia kwenye chai yametoka huko. Serikali ilikuwa imemsomesha kazi hiyo, ikampa koti la kijani, kofia, na pikipiki yenye mtungi nyuma. Mtungi ule ulikuwa na mbegu zilizohifadhiwa kwenye baridi kali, baridi ambayo ukiigusa inakuunguza kama moto. Zamani hizo hakwenda nyumbani kwa mtu. Kando ya barabara kulikuwa na vizimba vya mbao tulivyoviita krashi, na kila mwenye ng'ombe aliyekuwa kwenye joto la kutaka dume alimleta hapo asubuhi, akamfunga, akangoja. Daktari alipita kila siku njia ileile, saa zilezile, akisimama penye ng'ombe na kupita pasipo na ng'ombe. Wanawake wa Tetu walijua mlio wa pikipiki yake kama wanavyojua sauti za waume zao. Ng'ombe akikosa siku hiyo, basi, utangoja wiki tatu, na wiki tatu bila mimba ni wiki tatu za kulisha tumbo lisilo na faida. Kwa hiyo mtu huyo kupita saa yake na kusimama mahali pake halikuwa jambo dogo. Karo ya watoto wengi ilitegemea hapo.

Mimi wakati huo nilikuwa na duka dogo la dawa za mifugo mjini Nyeri, na pikipiki yangu niliyoipata kwenye mnada wa vitu vya serikali vilivyochakaa. Nilikuwa nasambaza dawa mpaka Karatina upande huu na Nanyuki upande ule, na mara nyingine nilivuka Nanyuki nikaenda Doldol, ambako wafanyabiashara wa mifugo, Waislamu wa Nanyuki na wafugaji wenyewe, walinunua kwangu dawa ya minyoo kwa katoni. Kila asubuhi ya Jumatatu daktari alianzia safari yake dukani kwangu, na kila mara alifika akiwa amejaa magazeti. Namaanisha kujaa. Baridi ya asubuhi ya Nyeri mnaijua, ile inayoteremka kutoka msitu wa Nyandarua ikakuingia kwenye vifungo vya shati. Yeye aliyapanga magazeti kifuani, ndani ya koti, mpaka akaonekana mnene. Akifika huyatoa moja moja na kuyaweka juu ya meza yangu ya mauzo, yakiwa bado na joto la mwili wake, na huku akinywa chai ananiuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Nikimwambia nina kazi, anasema, "Na mimi nina ng'ombe. Soma." Mimi herufi nilizijua, hesabu nilijua kuliko wengi, lakini habari ndefu ilikuwa inanishinda. Basi nilisoma. Nilikosea, akacheka, nikamtukana, nikasoma tena. Nimejifunza kusoma kwenye karatasi zilizokuwa na joto la kifua cha mtu, na sijawahi kupata shule nzuri kuliko hiyo. Ndiyo maana naandika hapa leo, na mhariri akinirekebisha ngeli namwambia anirekebishe taratibu.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, serikali ikaanza kujitoa kwenye kazi ile. Ikasema watu binafsi wafanye. Koti la kijani likabaki kwake, kazi ikaondoka. Wenzake wengine walirudi kulima, wengine wakawa walevi. Yeye akaenda kuomba mkopo, akanunua pikipiki yake na mtungi wake, akaendelea na njia yake ya zamani kama vile hakuna kilichotokea. Tofauti ni kwamba sasa asiposimama mahali, chakula chake hakipo. Na alikuwa na watoto wanne, wa kwanza akiwa ndio anaingia sekondari. Mwaka wa kwanza aliendesha asubuhi na mvua, akachelewa, akakimbia, akalowa, na ilipofika Julai akashikwa na nimonia. Akalazwa. Alipotoka alikuwa mwembamba kama ufito, na daktari wa watu akamwambia kifua chake hakitavumilia upepo mwingine kama ule. Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Kazi ile hufanywa kwa vidole. Mkono unaingia ndani ya ng'ombe, na hapo hakuna macho, kuna kupapasa tu. Vidole vikifa ganzi kwa baridi, huwezi kujua umeshika nini, na mbegu inaenda bure. Kwa hiyo upepo ulikuwa unamuua mara mbili, kifuani na mkononi.

Hapo ndipo kina mama wakaingia. Kulikuwa na kikundi cha wanawake wa maziwa kule Wamagana, na mwenyekiti wao alikuwa mjane mmoja mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Walikaa, wakasema mtu huyu akifa ng'ombe wetu watazaa na nani, wakachanga, wakaenda kwa fundi wa mjini wakaagiza kioo cha pikipiki. Tunasema kioo, lakini ilikuwa ni plastiki nene inayopitisha mwanga, imekatwa, imepindwa kwa moto, na kufungwa kwenye usukani kwa vyuma. Fundi akauliza kipimo. Wao walitaka kumshtukiza daktari, kwa hiyo hawakuweza kumwita apimwe. Wakamwita shemasi wa kanisa ambaye urefu wake ulikaribiana na wa daktari, wakamsimamisha kando ya pikipiki ya mtu mwingine, akiwa na suti ya Jumapili na kofia kichwani, wakamwambia fundi kioo kifike juu ya kofia. Mwenyekiti alisema maneno ambayo baadaye yalirudiwa sana: wanataka daktari akae humo kama mtu aliye ndani ya nyumba.

Jumapili moja kioo kililetwa kanisani. Kilifunikwa kitambaa, kikafunuliwa, kikaombewa, na daktari akaitwa mbele. Kwetu kitu kikitolewa mbele ya watu na kuombewa hivyo, si chako peke yako. Ni chako kutumia, lakini hukibadilishi, hukiuzi, wala hukipi mtu mwingine bila kuwaendea waliokupa. Nadhani hata kwenu ni hivyo. Daktari alilia, na hakuwa mtu wa kulia. Kesho yake alifika dukani kwangu akiwa nyuma ya kioo kirefu kama dirisha la benki, hana gazeti hata moja kifuani. Nilikizunguka kile kioo mara moja nikamwambia, "Kitu hiki ni kirefu mno." Akajibu kwamba mimi nina wivu. Kweli kilikuwa kinamkinga. Vidole vyake vilikuwa vya moto, alinishika shingoni nikathibitisha. Lakini mimi nilikuwa nimeendesha barabara ya vumbi ya Doldol, na nilikuwa nimejua kwa mwili wangu kwamba kioo cha pikipiki si cha kutazama kupitia. Ni cha kutazama juu yake. Gari lina waipa ya kufuta maji. Pikipiki haina.

Jua lilipokuwa linawaka mambo yalikwenda vizuri. Kisha Julai ikarudi na manyunyu yake. Mnayajua, yale ambayo si mvua na si ukungu, yananing'inia tu hewani mpaka saa tano. Matone yalijaa upande wa nje wa kioo, na pumzi yake ikajaza upande wa ndani, kwa sababu nyuma ya kitu kirefu vile hewa haitembei. Alikuwa akifuta kwa kiganja cha glavu yenye vumbi, na kila alipofuta alikikwaruza zaidi. Asubuhi jua likichomoza upande wa Mlima, ile mikwaruzo yote inawaka pamoja, na mbele yake kunakuwa weupe mtupu. Aliendesha kwa mazoea. Njia aliijua, kona alizijua, mashimo aliyajua. Hakuanguka hata siku moja, na hilo ndilo lililomdanganya, maana mtu asiyeanguka hudhani anaona.

Asubuhi moja ya manyunyu mwenyekiti wa kina mama alikuwa amesimama kwenye krashi na ng'ombe wake, ng'ombe mmoja tu aliyekuwa naye, aliyekuwa amemaliza maziwa na kungojewa kwa hamu. Alisikia mlio ukija. Akatoka kando ya barabara, akainua mkono. Daktari akapita. Alipita karibu kiasi cha kumrushia matope kwenye sketi, uso umeelekea mbele, hakupunguza hata mwendo. Yule mama akabaki ameinua mkono. Na kwa kuwa wanawake wengine walikuwa njiani wanapeleka maziwa, waliona. Mmoja akasema kwa mzaha, "Tulimnunulia kioo, sasa yeye hatuoni tena." Mzaha huo ulifika sokoni kabla ya daktari kufika kituo chake cha mwisho.

Ng'ombe yule akakosa mwezi huo. Na mambo yakaanza kubadilika taratibu, jinsi yanavyobadilika kwetu, bila mtu kukukabili. Krashi zikaanza kuwa tupu. Kijana mmoja kutoka upande wa Othaya, aliyekuwa ameanza kazi kama hiyo, akaonekana akiitwa nyumba hata nyumba. Daktari alidhani ni pesa zimekuwa ngumu. Akapunguza bei, watu hawakurudi. Aliniambia Jumatatu moja kwamba mkopo ukiendelea hivi watakuja kuchukua pikipiki na mtungi, na mtoto wake atarudi nyumbani kutoka sekondari. Alisema akitazama chai, hakunitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshasikia maneno ya sokoni, maana duka la dawa za ng'ombe husikia kila kitu. Sikumzungusha. Nilimwambia, "Watu hawajaishiwa na pesa. Wanasema umeringa. Ulimpita mama mwenyekiti amekuinulia mkono ukamrushia matope."

Daktari akasukuma kikombe kando. Kisha akasema hakumwona. Nikamwambia najua hakumwona, ndiyo sababu nataka tushike msumeno sasa hivi tukikate kile kioo. Hapo akasimama. Alikataa kabisa. Alisema kitu kilichoombewa mbele ya kanisa hawezi kukikata kwa msumeno nyuma ya duka langu kama mwizi, eti halafu wale mama wakione kimekatwa waseme nini? Kwanza amewapita, pili amekata zawadi yao. Afadhali mkopo umchukue. Nilimwambia ni mjinga. Lakini nilipoangalia vizuri niliona ana haki. Mtu anaweza kupoteza kazi akabaki na jina, akipoteza jina kwa wale mama, atampandishia nani ng'ombe? Nikamwambia basi twende kwa wenyewe.

Tulikwenda Alhamisi, asubuhi, na manyunyu yalikuwepo. Kwetu huendi kuomba radhi peke yako na huendi mikono mitupu. Alibeba sukari na majani ya chai, nami nikaenda kama msemaji wake. Mama mwenyekiti alitupokea vizuri mno, na hapo nikajua amekasirika sana. Alitukalisha kwenye benchi, akatuletea chai ya maziwa, akatuuliza habari za kila mtu mpaka wa ukoo wetu wa mbali. Kuhusu kupitwa, hakusema neno. Nilianza hotuba yangu. Nilikuwa nimeitayarisha. Alinikata katikati, hakunitazama mimi, akamtazama daktari.

"Ndagitari," akamwita vile sisi hutamka. "Mimi si mtu wa kusimamishiwa pikipiki. Mimi najua kutembea. Lakini nilikuinulia mkono."

Daktari aliweka kikombe chini. Kisha akafanya jambo ambalo mimi msemaji sikulifikiria. Alitoka nje kwenye manyunyu, akaileta pikipiki mpaka mlangoni, akailekeza upande wa zizi, akamwomba mama apande akae kwenye kiti. Mjane yule, mama wa kanisa, na sketi yake ndefu. Nilidhani atatufukuza. Alimwangalia, akakunja sketi, akapanda. Mikono yake akaiweka kwenye usukani kana kwamba ataondoka nayo. Tukangoja kidogo, pumzi yake ikaanza kupanda kwenye plastiki.

"Tazama zizi lako, mama," daktari akamwambia. "Ng'ombe amesimama upande gani?"

Akatazama. Akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. Akafuta kwa kitambaa chake, ikawa mbaya zaidi. "Naona maziwa tu," akasema. "Ni kama mtu amemwaga maziwa." Akanyoosha shingo apate kutazama juu yake, na hata yeye kwa urefu wake wote hakufika. Matone yalikuwa yanatiririka mbele ya uso wake. Kisha akasema polepole, "Kwa hivyo hukunidharau. Hukuniona."

"Sikukuona, mama."

"Na siku zote hizo unaendesha hivi? Na mtoto wangu huenda shule kwa barabara hiyohiyo?"

Mama akashuka, akapiga kelele nyumba ya pili waletewe msumeno, na akamwambia daktari akae yeye. Nikafurahi, nikachukua kipande cha sabuni ya mche nikamwambia naanza kupima, kwa sababu kipimo nilikijua. Mtu akae anavyokaa, sio anavyojinyoosha kupigwa picha. Ukingo wa juu wa kioo ufike ncha ya pua. Hapo macho yanapita juu yake mpaka barabarani, na upepo unaokuja unapanda ule mteremko wa kioo na kupita juu ya kofia. Ukiushusha mpaka shingoni, upepo wote unakupiga usoni na masikioni. Mimi nilianza hivyo, na sikio langu la kushoto mpaka leo lina mlio wa barabara ya Nanyuki. Ukiupandisha juu ya macho, umekuwa kipofu mwenye joto. Nikachora mstari wa sabuni puani. Mama akaingiza meno ya msumeno.

"Ngojeni," daktari akasema. "Mtungi hauko."

Kweli mtungi ulikuwa umeachwa dukani. Nami nilikuwa nimesahau. Mtungi ule ukijaa ni mzito, unakaa nyuma kabisa, unazamisha springi za nyuma, pua ya pikipiki inainuka na mtu anashuka pamoja na kiti. Mstari uliokuwa puani unakuja kwenye macho. Tungekata pale tungekuwa tumefanya kazi bure. Mama akaenda akaleta chombo kikubwa cha chuma cha maziwa, akakijaza maji, tukakifunga nyuma palepale mahali pa mtungi. Akaamuru avae koti, avae na magazeti. Daktari hakuwa na magazeti siku hiyo, akamletea kalenda ya zamani ya ukutani na gunia tupu la chumvi, akamjaza mwenyewe kifuani huku akimwambia asicheke, kucheka kunamfanya ainuke. Nikafuta mstari wa kwanza, nikachora wa pili, chini zaidi. Mama akaweka kidole chake kwenye ncha ya pua ya daktari, akakipeleka taratibu mpaka kwenye plastiki, akasema, "Hapa." Akakata yeye mwenyewe. Ilikuwa haki yake, kilikuwa kioo chake.

Kile kipande cha juu kilichobaki, kirefu kama mkono, mama hakukubali kitupwe. Kilikuwa kimeombewa. Mikono ya daktari tuliikinga kwa vipande vya dumu la mafuta ya kupikia vilivyopasuliwa katikati na kufungwa kwenye usukani, na kifuani magazeti yakarudi, na Jumatatu nikaanza tena kusoma. Yule ng'ombe alishika mimba mwezi uliofuata. Jumapili baada ya hapo mama alisimama kanisani, bila kuombwa, akawaambia watu kwamba kikundi chake kilimpima daktari kwa kutumia mtu mwingine, tena mtu aliyesimama, na kwamba makosa ni ya kipimo, si ya daktari. Alisema kwa sauti ile yake ya ng'ambo ya bonde. Krashi zikajaa. Mtoto hakurudi kutoka sekondari. Leo ni mhandisi, na yeye ndiye aliyenishika mkono kaburini nisiteleze.

Sasa nirudi huko kaburini, maana kuna jambo lililoniudhi. Walisoma historia ya marehemu. Walisoma vyeti vyake, mwaka aliosomeshwa, vyeo vyake serikalini, kamati za kanisa alizokaa, barua ya kupongezwa. Picha waliyoweka mbele ilikuwa ya mtu aliyesimama, suti, tai, mkono mmoja kwenye kiti kama wanavyotusimamisha wapiga picha. Nilitazama nikajiambia, hawa nao wamempima amesimama. Mtu niliyemjua mimi alikuwa ameketi, mgongo umepinda kidogo, magazeti kifuani, mzigo nyuma unamvuta chini, macho yanapita juu ya ukingo yanatafuta ni nani ameinua mkono kando ya barabara. Na si yeye peke yake. Mnisamehe nikisema wazi. Sisi watu wa huku tunapenda kupimana tukiwa tumesimama. Tunaulizana shule gani, cheo gani, gari gani, tunasimamishana kwenye harambee na kusomana majina. Kijana akipoteza kazi ya ofisi, tunamhesabu amekwisha, kwa sababu hatukuwahi kumpima akiwa ameketi kazini na mzigo wake. Hata zawadi zetu huwa kubwa kupita mtu. Tunampa mtu kitu cha kumfunika mpaka juu ya kofia, halafu tunashangaa kwamba yeye hatuoni. Wale vijana wa bodaboda wa siku hizi nawaona hapa mjini na mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, wameweka mwavuli mzima juu na plastiki mbele mpaka angani, na stika za Mungu zimejaa katikati palepale macho yanapotakiwa kupita. Mungu hakatai stika. Lakini weka chini, ndugu yangu, chini ya pua.

Mama mwenyekiti bado yuko. Amezeeka, ametumia fimbo kufika kwenye mazishi, na baadaye nilimsindikiza nyumbani. Jikoni kwake, juu ya mahali pa moto, kile kipande cha plastiki kipo. Alikiingiza ukutani mwaka uleule kuwa dirisha. Kimekuwa cha manjano kwa moshi, lakini mwanga unapita. Aliniambia anaketi chini yake kila asubuhi, na kutoka pale alipoketi anaona krashi. Krashi yenyewe imeoza, haina mtu tangu zamani. Nilimuuliza anatazama nini basi. Akasema, "Barabara tu."

Basi wasomaji wangu, mkitaka kumsaidia mtu, nendeni mumkute ameketi kazini kwake, na mzigo wake wote mgongoni, ndipo mchukue kipimo. Hilo ndilo nililojifunza kwa marehemu, na sikulisoma popote.

Mimi ninayewaambia haya nilianza na mbuzi wa watu. Leo nina ekari mbili na nusu, kahawa kidogo na nyasi za ng'ombe. Nina nyumba ya mawe yenye vyumba vinne. Nina duka lilelile, na meza ileile ya mauzo. Nina miwani ya kusomea. Nina ng'ombe watatu wa maziwa, na mama yao, na nyanya yao, na mama wa nyanya yao, wote walipatikana kwa mkono wake. Nina pikipiki moja, nzee. Kioo chake kinafika puani.